Kompyuta ya Zamu

Wanangu wawili ni wazamiaji, na walikuwa na kompyuta moja ya kuzamia. Hufungwa mkononi kama saa. Hupima kina anachofika mvaaji na muda anaokaa huko, kisha humwonyesha dakika alizobakisha kabla mwili haujabeba naitrojeni nyingi mno. Mtu akizidisha kisha akapanda, hewa hiyo hugeuka mapovu kwenye damu na viungo. Wapo waliopooza.

Aqsa na Kaizar waliinunua pamoja, wakaitumia kama tunavyotumia karibu kila kitu nyumbani kwetu mtaa wa Kuze, kwa zamu. Asubuhi ya Aqsa, baada ya adhuhuri ya Kaizar.

Mimi huendesha kompresa, mashine ya kushindilia hewa, na kuwajazia mitungi. Siku hiyo tulikuwa mashuani, si mbali na kivuko cha Feri, tukitafuta nanga ya tishali iliyokatikiwa na mnyororo. Crispus, mwenye kazi, alikuwa pia akitafuta mzamiaji mmoja wa kumwajiri moja kwa moja. Katika waliojaribiwa walibaki wawili, Kaizar na mzamiaji mwingine, Ngowa. Alisema waziwazi kwamba atakayeitoa nanga ndiye atakayemwajiri.

Asubuhi Kaizar aliipata. Alikaa nayo matopeni akiifunga kamba ya boya, huku Aqsa akimshikia kamba katikati ya maji, kompyuta ikiwa mkononi mwa Aqsa. Ngowa alibaki juu. Baada ya sala na chakula, kazi iliyosalia ilikuwa kufunga mnyororo wa kuinulia. Aqsa akavua kompyuta, akampa kaka yake.

Kaizar akaisoma. "Dakika tele. Nitafunga na kupumzika."

"Dakika za nani?" nikamuuliza.

"Zangu. Si zamu yangu?"

"Asubuhi ulikuwa umeivaa wewe?"

Alinitazama kama niliyemuuliza iwapo amenawa. "Mama, tulizama pamoja."

"Mlizama pamoja, hamkukaa pamoja. Wewe ulikuwa chini, mwenzio juu yako. Hiyo inamjua Aqsa."

"Tumegawana kila kitu," Aqsa akasema, "sasa anataka na damu yangu."

Nikatoa jedwali la kuzamia, kadi ya plastiki inayoonyesha muda wa kukaa kwa kila kina, ninayoiweka pamoja na spana. Mshale wa kipimo cha kina alichovaa Kaizar ulikuwa bado umeshika pale alipofika asubuhi. Nikafuata mistari kwa kidole.

"Hilo jedwali ni la waoga," akasema. "Linadhani mtu ameganda chini tangu aingie hadi atoke. Kompyuta inakufuata unavyopanda na kushuka."

"Kweli. Lakini asubuhi wewe uliganda chini, na kompyuta ikamfuata dada yako."

Crispus akasogea. "Mama Kaizar, linampa muda gani?"

"Kidogo. Hautoshi kufunga mnyororo."

"Na akisubiri?"

"Akisubiri hadi jioni, sawa."

Crispus akatazama maji. "Kabla ya hapo mkondo utakuwa unavuta kwa nguvu. Siwezi."

"Hakuna wa kusubiri," Kaizar akasema, akianza kuvaa. "Nimeshavuka hilo jedwali mara nyingi, na viungo vyangu hivi hapa."

"Zama," nikamwambia. "Lakini si kwa mtungi wangu."

Nikaketi juu ya kasha la mitungi. Mimi ni mzito, na yeye ana adabu. Alisimama mbele yangu na mapezi mkononi, akamgeukia Crispus amsaidie. Crispus hakumsaidia.

"Mama, unaninyima kazi."

"Ndiyo."

Crispus akamwita Ngowa. Ngowa aliniomba nimsomee muda wake kwenye jedwali, nikamsomea, nikainuka kumpa mtungi, nikaketi tena. Alishuka, akafunga mnyororo, akapanda taratibu. Winchi ikaivuta nanga, imejaa matope. Crispus akampa Ngowa mkono pale pale, naye Kaizar akampa wake, maana sikumlea vibaya.

Njiani kurudi nyumbani, Aqsa alitangulia. Kaizar akatembea sambamba nami, na tulipoingia Kuze akasema.

"Ningezama, ningerudi mzima."

"Pengine."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui."

"Umenikosesha kazi kwa jambo usilolijua."

Nilimwambia ndiyo, na kwamba hata kesho nitaketi juu ya kasha lile lile. Alifungua mlango, akanipisha nitangulie, kisha akapanda chumbani kwake bila kula.