Diski Mbili za Mzee Ratemo

Zubair alikuwa na ugonjwa mmoja tu kazini: hakuvumilia picha yenye ukungu. Mtu akimletea harusi ya saa saba na kutaka iingie yote kwenye diski moja, Zubair alimbishia mpaka chai ikapoa. Studio yake ilikuwa ghorofani mjini Kisii, juu ya duka la vitambaa. Baba yake, aliyeuza viatu hapo zamani, alimwachia meza, kabati na ukaidi.

Aprili ya mwaka jana aliitwa kijijini Manga kupiga video ya mazishi ya Mzee Ratemo. Marehemu aliacha wajane wawili. Mkubwa, Tryphosa, alikuwa na nyumba ya juu, televisheni na mashine ya kuchezea diski. Mdogo, Nyanchoka, alikaa mtelemkoni karibu na shamba la chai. Mazishi yalikuwa marefu kama kawaida ya huko: kila ukoo ulisema na kila kwaya iliimba, na hata baada ya Zubair kukata alichothubutu kukata, zilibaki saa tano. Aliyempa kazi ni Ogeto, ndugu mdogo wa marehemu.

"Fanya diski moja, kijana," Ogeto alimwambia. "Moja tu. Itakaa nyumba kubwa, kwa Tryphosa, na sisi wote tutaangalia huko."

Zubair alijaribu. Lakini diski ina nafasi yake, haitanuki hata ukiibembeleza. Ukiipakia saa tano, kila sekunde inapata kama megabiti mbili, na hizo picha na sauti zigawane zenyewe. Alichagua mipangilio harakaharaka, akabonyeza, akaiacha kompyuta ihangaike mchana kutwa. Alipoitazama kazi iliyotoka, alitaka kulia. Nyuso za watu zilikuwa viraka vya mraba, na jeneza halikutofautiana na meza ya maua.

"Hii siwezi kumpa mtu," alisema, akaitupa kwenye droo.

Kesho yake aliigawa kazi: hotuba diski ya kwanza, nyimbo na kaburi diski ya pili. Picha zikatoka safi hata mishipa ya jani la mgomba ikaonekana. Akaandika namba juu ya kila diski kwa mwandiko wake mzuri, akamkabidhi Ogeto, akajiona fundi.

Hapo ndipo alipoharibu, na mtu aliyezaliwa Kisii hana pa kujitetea. Katika boma la wake wawili, kitu kikija kimoja hutumiwa na wote. Vikija viwili, hugawanywa. Hakuna aliyeitisha kikao wala kuuliza fundi alikusudia nini. Diski ya kwanza ilienda kwa Tryphosa na ya pili kwa Nyanchoka, kama ambavyo ingekuwa kwa ng'ombe wawili au blanketi mbili.

Januari mwaka huu Nyanchoka alipanda ngazi za studio, akafungua leso na kuweka diski ya pili mezani.

"Ni wewe ulipiga video ya mzee wangu?"

"Ndiyo, mama. Karibu ukae."

"Hii ni ya nyimbo. Mimi nataka ile ya maneno. Nyumba kubwa wamekataa nayo. Brandon anasema imekwaruzika, haichezi."

Brandon alikuwa kifungua mimba wa Tryphosa. Nyanchoka alieleza mambo polepole, bila kulalamika. Siku ya mazishi Ogeto alisimama mbele ya watu akatangaza wosia alioachiwa na ndugu yake: chai yote kuanzia kwenye mti wa parachichi mpaka mtoni ni ya Nyanchoka. Sasa Brandon alikuwa ameanza kuichuma. Agosti Ogeto alipatwa na kiharusi, ulimi ukagoma, na mkono wa kuandikia nao ukafa.

"Si kulikuwa na watu wengi, mama?"

"Mia nne. Wote wametia pamba masikioni. Ukiuliza, mtu anasema alikuwa mbali, hakusikia vizuri."

"Na simu zao?"

"Simu walitoa wakati wa kwaya. Nani atapiga video mzee akiongea mambo ya mipaka?" Akaikunja leso yake. "Wazee wanakaa Alhamisi. Nikienda mkono mtupu, hiyo chai imeenda, na ndiyo inasomesha watoto wangu."

Zubair aliwasha kompyuta ingawa alijua hakuna kitu. Kazi ikishachukuliwa, baada ya miezi mitatu huifuta apate nafasi. Alitafuta kila mahali. Alipokata tamaa kabisa ndipo akaikumbuka droo.

Diski ile mbovu ilicheza. Viraka vilikuwa vilevile, vya kahawia na kijivu, vikisukumana kama watu wanaogombea mlango. Lakini sauti! Upepo kwenye migomba ulisikika, kikohozi cha mtu wa nyuma kilisikika, na Ogeto alisikika neno kwa neno. Zubair aliichunguza diski akaona alichokuwa amefanya. Siku ile ya haraka alisahau kuibana sauti. Sauti ikala robo tatu ya nafasi yote na picha ikaachiwa makombo. Angebadilisha mstari mmoja tu kwenye mipangilio, saa tano zingeingia kwenye diski moja zikiwa na picha ya kuridhisha, na boma lisingekuwa na kitu cha kugawana. Aibu ilimshika mbele ya mjane yule, naye hakuweza kumweleza kosa lenyewe. Alisema tu kwamba ataipeleka diski Manga mwenyewe.

Alhamisi wazee walikaa sebuleni kwa Tryphosa, maana mashine ilikuwa huko. Ogeto aliletwa akakalishwa karibu na mlango. Brandon alikubali diski ichezwe, akaegemea ukuta akitabasamu. Vile viraka vilipotokea, tabasamu likapanuka.

Kisha sauti ya Ogeto ikajaa nyumba, kwa lugha ya Ekegusii, nzito na yenye afya. Ikataja parachichi. Ikataja mto. Ikauliza: "Tryphosa, umesikia?"

Na sauti ya mwanamke ikajibu: "Nimesikia. Nimekubali."

Mzee wa kijiji aliomba irudiwe. Zubair akairudisha. Kule mlangoni Ogeto alikuwa akilia, midomo yake ikijaribu kuifuata sauti yake mwenyewe.

"Sasa hapo ni nani?" Brandon aliuliza. "Mimi sioni mtu. Hiyo sauti inaweza kuwa ya mama yeyote wa Manga."

Wazee walitazamana. Hakuna aliyekuwa tayari kusema anaona mtu, kwa sababu kweli hakuonekana mtu. Zubair aliichukia droo yake, kompyuta yake na macho yake yanayopenda picha safi. Nyanchoka aliinamisha kichwa.

Tryphosa aliinuka. Alitembea hadi kwenye televisheni, akamtazama Ogeto kwa muda, kisha akaweka kidole juu ya kiraka kimoja cha kahawia.

"Hii ni leso yangu ya kahawia," alisema. "Huyu ni mimi."

"Mama!"

"Ni mimi, Brandon. Nilikubali na watu wakisikia. Kesho usiende kwa ile chai."

Akaingia chumbani. Walimsikia akifungua sanduku na kulifunga. Alirudi na diski ya kwanza ndani ya ganda lake, ikiwa na namba kwa mwandiko mzuri wa Zubair, akaiweka mapajani kwa Nyanchoka. Zubair aliinama kuitazama. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.