Osea Mwenye Cheti cha Furaha

Wapo watu waliozaliwa na mdomo wa kulalamika. Osea, mkulima wa kahawa wa jirani na Mbozi Misheni, alizaliwa nao, akaulea, akaunenepesha. Jua likiwaka, litaunguza migomba. Mvua ikinyesha, itaozesha maharage. Ukimpa chai yenye sukari, unataka kumuua. Ukiipunguza, atauliza kama nyumba ina msiba. Mwaka mmoja alivuna kuliko kijiji kizima, akakaa uani anasikitika kwamba magunia yatampasua mgongo. Ndivyo alivyokuwa, na msinitazame mimi, sikumzaa.

Kijiji kilimzoea. Tena kilimtumia, jamani. Msimu wa kuanika kahawa ukifika, watu hawakuhangaika kutazama mawingu, walimtazama Osea. Akinung'unika hivi hivi, waliiacha kahawa yao vichanjani, wakaenda zao shambani. Akinung'unika huku ameshika goti la kulia, kina mama walikimbilia maturubai bila kuuliza swali, na kabla ya saa sita mvua ilikuwa imeshuka. Redio ilikosea mara nyingi. Goti la Osea halikuwahi kukosea.

Aliyechoka ni mmoja tu, Ketrina, mkewe wa ndoa ya miaka kumi na tisa. Mwezi wa nane mwaka 2009 alijinunulia kitenge cha Zambia, kizuri, chenye ndege wa bluu. Jumapili asubuhi akajifunga, akasimama mlangoni, akangoja. Osea akamwangalia toka juu hadi chini, akasema kitachuja.

Basi, ni hilo tu. Ketrina hakugombana wala hakulia. Alifunga vyombo vyake kwenye furushi, akasema kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi dukani: "Naenda kwetu Itaka. Siku ukipata neno moja jema la kuniambia, uje unifuate."

Nanyi msije mkadhani Osea hakumpenda. Alimpenda hasa. Wiki mbili alizunguka uani kama kuku aliyepoteza vifaranga, na kilichomuuma zaidi ni kwamba alilitafuta hilo neno jema kichwani mwake kila siku na hakulipata. Akajiambia kwamba Osea huyu hafai, lazima apatikane mwingine, ndipo Ketrina arudi.

Katika hali hiyo aliona tangazo kwenye nguzo ya umeme pale Vwawa. Semina ya Mtazamo Chanya, Tabia Tisa za Mshindi, Tunduma, Jumamosi, cheti kitatolewa. Osea aliuza majogoo wawili, akapanda lori la mahindi, akaenda.

Mwalimu aliitwa Danford. Alivaa suti ya rangi ya maziwa, akasalimia kwa Kibemba, akafundisha kwa Kiswahili na kukemea kwa Kiingereza. Ukumbini walikuwemo wauza vitenge, wabadilisha fedha, na madereva wa malori waliokwama kwenye foleni ya mpakani siku ya nne, ambao kusema kweli waliingia kutafuta kivuli. Danford akawasimamisha wote wapige kelele kwamba wana furaha. Walipiga mpaka mabati yakalia. Madereva wakatoka mbio kuchungulia kama foleni imesogea, wakakuta haijasogea, wakarudi kupiga kelele tena.

Tabia zenyewe nitawaambia ninazozikumbuka. Amka kabla ya jogoo. Jipongeze kwenye kioo. Kila mtu, mkubwa kwa mdogo, mtazame machoni na umshike mkono kwa nguvu. Usitaje tatizo hata siku moja, taja fursa. Ukiulizwa hali, jibu kwamba una furaha kila siku. Na tabasamu lisishuke, maana tabasamu likishuka, bahati inapita mlango wa jirani. Hizo nyingine nimesahau, na Osea mwenyewe alisahau mbili akiwa bado juu ya lori.

Sasa, Osea alikuwa Mmoraviani aliyekariri katekisimu akiwa na miaka tisa, na mtu wa namna hiyo ukimpa orodha umejitakia mwenyewe. Alizishika tabia zile neno kwa neno. Ili ahakikishe amemtangulia jogoo, alikwenda kusimama mbele ya banda lake akimkodolea macho. Siku ya tatu jogoo alinyamaza kabisa, akawa anawika saa tano mchana, tena kwa sauti ndogo. Kioo cha nyumbani Ketrina alikuwa ameondoka nacho, hivyo Osea alikwenda kujipongeza kwenye kioo cha pikipiki ya Kasiani, jirani yake. Kila alfajiri Kasiani alifungua dirisha na kukuta mtu mzima ameinama anaiambia pikipiki kwamba ni mshindi. Na kwa kuwa hapo nyumbani hakuwa na watu wa kuwashika mikono, alianza na mibuni. Mibuni mia sita, kila mmoja ulishikwa tawi, ukatikiswa, ukapewa hongera. Upepo ulipong'oa paa la jiko alisema sasa jiko limepata mwanga, akapika ugali wake anapigwa na jua la utosi, anacheka.

Alicheka, lakini mashavu yalimuuma mpaka akawa anayakanda kwa mafuta ya nazi. Usiku aliyashikilia kwa mikono ili yasishuke.

Watu walidhani ni homa, wakasema itapita. Ikaja Oktoba, kahawa ya mwisho iko vichanjani, imebakiza siku mbili kukauka. Asubuhi moja Kasiani alimwita Osea kutoka ng'ambo ya ua, akamuuliza kama kawaida goti linasemaje. Goti lilikuwa linawaka moto. Osea alikuwa amesimama kwa mguu mmoja kama korongo. Akatabasamu, akajibu kwamba goti lake ni goti la mshindi na siku ya leo ni njema.

Kijiji kizima kikaenda harambee ya kanisa, kimevaa nguo nzuri, kimeacha kahawa wazi.

Sitaisimulia mvua ile. Nitasema tu kwamba watu waliporudi walikuta kahawa yao imelowa chapachapa, nyingine imeporomoka kwenye matope, na Osea yuko katikati ya vichanja vyake mwenyewe vilivyolowa, anazipa hongera punje. Jioni wanaume kumi na wawili walikwenda kwake, Kasiani mbele. Hawakwenda kumpiga, ingawa wawili walikuwa wamebeba fimbo kwa tahadhari. Walikwenda kumwomba. Walimsihi alalamike, hata nusu saa tu kila asubuhi, hata kwa sauti ndogo, wao watamsogelea. Osea aliwashika mikono wote kumi na wawili, akawatazama machoni mmoja mmoja, akawaambia wamepata fursa ya kujifunza.

Mwenye fimbo mmoja alipiga hatua. Kasiani akamzuia. Alisema huyu kumpiga ni kazi bure, atashukuru. Dawa yake iko Itaka, arudishiwe mkewe, la sivyo sisi tuache kahawa tulime viazi. Wakachanga mbuzi papo hapo, kwa maana mume aliyekimbiwa haendi ukweni mikono mitupu. Kasiani akawa mshenga.

Kwa watu wa kule, kumfuata mke aliyerudi kwao ni kesi, na kesi ina adabu zake. Mume anakaa chini, kichwa ameinamisha, sura imepondeka. Haongei, anaongea mshenga. Akiulizwa kosa analikubali, hata kama halijui. Na mama mkwe ndiyo kabisa, humtazami, humgusi. Mkikutana njiani unaingia kwenye majani mpaka apite. Osea aliyajua haya tangu utoto. Kasiani alimkumbusha njia nzima, huku akimkokota mbuzi, na Osea akaitikia kila neno. Tatizo ni kwamba ile orodha haikuwa na kifungu cha wakwe. Ilisema kila mtu.

Walipofika, wazee wa ukoo walikuwa wamekwisha kukaa uani. Baba mkwe alikuwa katikati, kwenye kigoda. Mkewe, bibi Ferista, alikuwa anapita kwa mbali na ungo wake wa maharage, akielekea nyuma ya nyumba kama adabu inavyotaka. Osea akampita mshenga, akawapita wazee, akavuka uwanja kwa hatua za mshindi, akamkamata mama mkwe wake mkono, akautikisa kwa nguvu, akamtazama machoni na kumwambia kwamba leo amependeza.

Maharage yakamwagika yote. Bibi Ferista alijifunika kanga kichwa kizima, akakimbia bila kuona, akaingia bandani kwa mbuzi, akajifungia kwa ndani. Hakutoka mpaka kesi ilipokwisha. Mzee mmoja alisimama, akakaa, akasimama tena. Kasiani alikaa chini palepale alipokuwa, akainamisha kichwa kwa niaba ya Osea.

Baba mkwe alitoza mbuzi wa pili. Osea akampongeza kwa uamuzi. Akaulizwa kosa lililomkimbiza mkewe ni lipi. Akajibu, meno yote thelathini nje, kwamba yeye hana makosa, ana maeneo ya kukua. Kisha akachomoa cheti chake, kimewekwa plastiki, akawapitishia wazee wakione. Kilizunguka uwanja mzima, mkono kwa mkono, kikarudi.

"Mwanangu Osea," baba mkwe akasema taratibu, "yule mnung'unikaji tulimjua. Alitutukania pombe yetu miaka kumi na tisa, na tulimjua. Huyu uliyemleta leo hatumjui, hatujui ukoo wake, hakutoa mahari hapa. Binti yangu simpi mtu nisiyemjua."

Kasiani aliruka akaanza kubembeleza, lakini hapo Ketrina mwenyewe akatoka ndani. Alikuwa amekonda. Osea alipomwona, moyo ulimpiga mpaka akausikia masikioni, maana alikuwa hajamtia machoni miezi miwili. Ketrina hakumjali baba yake wala wazee. Akaja akasimama mbele ya mumewe, akamuuliza hali ya nyumbani.

Na Osea, maskini, akajibu kama alivyofundishwa. Alisema nyumbani ni kuzuri. Kila kitu kiko safi. Yeye ana furaha kila siku.

Ketrina alimwangalia usoni. Macho yakamjaa machozi, akayafuta kwa kiganja kabla hayajashuka.

"Basi, kama una furaha kila siku," akasema, "mimi narudi kufanya nini?"

Akageuka. Akaanza kwenda.

Osea alibaki pale na tabasamu lake. Alitafuta kwenye zile tabia tisa, akazipitia zote saba alizozikumbuka, hakuna hata moja iliyojibu. Aliuona mgongo wa Ketrina unakaribia mlango. Shavu la kushoto likaanza kutetemeka, likashuka. La kulia likafuata. Na mdomo ule mliosikia habari zake, uliofungwa wiki tano, ukafunguka.

"Nimekudanganya, Ketrina. Nyumbani ni kubaya. Ugali wangu umeungua nje na ndani ni mbichi, una madonge, hata mbwa ameanza kula kwa Kasiani. Jiko halina paa. Kitanda kimekuwa kikubwa mno, nalala pembeni kama vile bado upo, na baridi yote inaingilia upande wako. Nikikaa uani jioni sina mtu wa kunyamaza naye. Nikipiga chafya hakuna anayesema kitu. Mashavu yananiuma. Goti linaniuma. Sijalala vizuri hata siku moja tangu uondoke, na nimechoka, Ketrina, nimechoka kucheka peke yangu."

Aliendelea. Alilalamikia njia ya Itaka, mbuzi waliyemkokota, chawa wa kuku, ukimya wa saa mbili usiku, na harufu ya mto wa Ketrina ambayo sasa inakwisha na hajui ataipata wapi. Machozi yalimtoka hadi shingoni. Kasiani alilia wazi kama mtoto, akamshika mkono mzee wa pembeni, akamnong'oneza kwamba umeona, umeona, huyo ndiye wetu. Baba mkwe akatikisa kichwa mara kadhaa, akasema naam, sasa mkwe wangu amefika, mpeni mahali pa kukaa.

Ketrina alikuwa amesimama mlangoni, amewapa mgongo. Alisimama hivyo mpaka malalamiko yote yakamwishia Osea. Halafu akaingia ndani, na uwanja mzima ukabana pumzi, maana kule mwanamke akiingia ndani akafunga mlango, mbuzi wanarudishwa na watu wanaondoka.

Hakufunga. Alitoka na beseni la maji, taulo begani, akaja akapiga magoti mbele ya mumewe amnawishe mikono kabla ya chakula. Wazee wakapumua. Kesi ilikuwa imekwisha.

Osea akatumbukiza mikono, akaguta kidogo.

"Ya baridi haya," akasema.

"Ndiyo," Ketrina akajibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka. "Nawa."