Mwenye Pembe Kwenye Friji

Jumamosi, tarehe 22 Novemba 2025. Asubuhi baridi ilikuwa kali, na umande ulikuwa umeganda juu ya magari hapa Takoma Park, Marekani.

Niliamka, nikasali, nikarudia masomo. Nina miaka hamsini na minane, na darasa hili la ndege la jioni ndilo la kwanza kwangu tangu nilipomaliza la saba. Jumatatu ni mtihani. Atakayewatambua bundi wote atakwenda mji wa jirani, Beltsville, na kikundi kinachohesabu ndege wa majira ya baridi. Wawili walinitesa, maana wote wana manyoya yaliyosimama kichwani kama pembe. Kwa hiyo niliwaandika kwa Kiswahili changu, nikabandika karatasi kwenye friji.

Saa sita wenzangu wa maombi walifika. Niliingia chumbani kuchukua vikombe vya wageni. Niliporudi, Dada Euphrasia, kiongozi wetu, alikuwa mbele ya friji, mkono mmoja na chupa ya mafuta ya upako, mwingine na karatasi zangu, vipande vipande.

"Dada Sikujua," akaniita kwa jina, "nani amekuingiza kwenye haya?"

"Yapi?"

Akasoma kipande. "'Mwenye Pembe. Mnene, koo jeupe, pembe zimeachana. Mtafute giza likiingia.' Unamtafuta shetani?"

"Ni bundi!"

"Si ndiyo hayo hayo!"

Mzee Nehemiah, mmoja wa wenzetu, akachungulia. "Na huyu mwembamba, pembe zimekaribiana? Ni bibi yake?"

Wakacheka. Mimi niliweka vikombe chini kabla sijamrushia mtu. Wiki sita! Natoka kuwaogesha wazee wa watu, naingia darasani miguu imevimba, namwomba Mungu anifungue akili. Dada Euphrasia kayachana majibu ya maombi yangu kwa jina la Yesu.

"Uko kwangu. Ulishindwa nini kuniuliza?"

"Nilisukumwa na Roho."

"Usimsingizie Roho! Bundi aliumbwa na nani?"

Mafuta yalikuwa yakichuruzika kwenye mlango wa friji.

"Mungu," akasema, kwa sauti ndogo.

Nikamtupia gundi ya karatasi. "Kaa hapo. Unganisha."

Akakaa. Baada ya muda akainua kichwa. "Hizi zilizoachana ni za yule mnene?"

Nilisimama katikati ya sebule, bado nina hasira.

"Sikilizeni wote, na Mungu anasikia. Jumatatu nitafaulu. Nikifika Beltsville nitamtazama Mwenye Pembe machoni, nitamtaja kwa sauti. Na picha yake nitaibandika hapa hapa, kwenye friji yangu."