Mkaguzi wa Gata

Mgeni alibisha Jumamosi asubuhi, Chelangat akiwa amechutama mlangoni anaosha viatu vya mtoto. Jua liliwaka juu ya mtaa wa Kaptembwo, na mgeni alikuwa amelowa chepechepe. Maji yalimchuruzika kutoka mikononi mwa koti.

"Habari, mathe. Nimekuja kukagua gata."

"Umetumwa na landlord?"

"Hapana. Na mvua."

Chelangat alimwomba kitambulisho. Kilikuwa kimelowa hadi maandishi yakafutika. Alimkaribisha hata hivyo, maana ofisi nyingine zote alizowahi kulalamikia hazikumtuma mtu.

Mwaka huo mvua ilikuwa imeacha kunyesha ovyo. Ilinyesha tu pale ilipotayarishiwa njia. Mtaa wa Milimani, ambako nyumba zina gata, ile mifereji ya kukinga maji ya paa, pande zote, ilinyesha kila jioni, hata wenyewe wakaanza kulalamikia matope. Kaptembwo mvua ilipita juu kwa juu. Redio ilisema hali ni ya kawaida.

Watu wa ploti, wapangaji wa ua ule mmoja, walikunywa maji ya kisima, yale yanayoyapaka meno rangi ya chai ya rangi. Chelangat alikuwa mtu wa kuziba mdomo akicheka. Binti yake, Emmy, alikuwa bado na meno ya utoto, na Chelangat alitaka yale yaliyojificha ndani ya ufizi yatoke meupe. Ndiyo maana alinunua gata. Ya plastiki aliikataa, jua huipasua. Ya mbao huoza. Akachagua ya mabati, na fundi akaifunga ikanyooka kama rula, kisha akasimama barabarani kuisifu. Majirani nao wakaisifu. Mvua haikuja.

Mgeni alipanda ngazi. Akakamua tone moja kutoka kwenye koti lake, akaliweka ndani ya gata. Tone likatembea kidogo, likasimama.

"Imelala," alisema. "Maji hayajali urembo, mathe. Yanataka mteremko."

Akachota majani ya jakaranda, vumbi jeupe lililopeperushwa kutoka machimbo ya Kariandusi na nusu ya kiota cha shomoro, akavitupa chini.

"Utakuwa unaisafisha kila Jumamosi?"

"Nitasafisha."

"Na maji ya kwanza usikinge. Hayo ni ya kuosha paa. Ahidi yote mawili."

"Nimeahidi."

Mgeni alisema mvua ingekuja Alhamisi, akaaga. Chelangat aliinamisha gata kwa waya mwenyewe, akasogeza pipa chini ya mdomo wa gata hiyo.

Alhamisi mwenye ploti, mzee Ngigi, alifika kwanza.

"Gata imeshikilia paa yangu," alisema. "Kwa hivyo maji ni yangu."

"Lakini niliinunua mimi, mzee."

"Na paa ulinunua? Leo kinga, mimi si mtu mbaya. Kesho paipu inaenda kwa tangi yangu. Ukitaka maji utanunua kama wengine."

Chelangat alijibu kwa hoja alizopanga usiku kucha, moja baada ya nyingine. Ngigi alizisikiliza zote kwa upole, akaondoka.

Mvua ikaja. Ilikuwa na upana wa chumba kimoja. Nguo za Milcah, jirani wa mlango wa pili, ziliendelea kukauka kwenye kamba. Milcah mwenyewe alisimama juani, mikono kifuani, akitazama maji mekundu yakimwagika kutoka kwenye gata, na Chelangat akivuta pipa kando.

"Wewe, rudisha pipa! Kesho yote ni ya Ngigi."

"Bado ni machafu."

"Si utachuja?"

"Niliahidi nitaacha ya kwanza."

"Uliahidi nani?"

"Mvua."

"Na hiyo mvua itakulipia rent?"

Chelangat alilishikilia pipa kando. Maji yalitoka mekundu, kisha meupe kama uji, kisha rangi ya majivu. Yalipoanza kung'aa alisukuma pipa mahali pake. Mvua ikanyesha kidogo tu, ikakatika.

Milcah akachungulia ndani ya pipa. "Hiyo ni ya chai moja."

Emmy aliyanywa yote kwa siku mbili, kikombe kwa kikombe. Ijumaa fundi wa Ngigi alileta paipu, akaiunga kwenye mdomo wa gata, akaivusha ukuta hadi kwenye tangi jeusi lenye kufuli. Alhamisi iliyofuata mvua ilirudi bila kuchelewa, kwa upana uleule. Ilinyesha hadi giza likaingia. Emmy akalala ameshiba maji ya kisima.

Jumamosi, kama ile iliyopita, Chelangat aliazima ngazi.

"Unaenda wapi?" Milcah aliuliza.

"Kusafisha gata."

"Ya nani?"

Chelangat alikuwa ameshapanda. Alitoa majani kwa mkono, akakwangua vumbi kwenye viungo, akakaza waya mmoja uliolegea ili mteremko usipotee. Ng'ambo ya ukuta aliona watu wa ploti wamepanga madumu mbele ya tangi, wakimngoja Ngigi aje na ufunguo. Akasogeza ngazi, akaendelea na upande uliobaki.