Ukumbi Uliofurika Kabla ya Kufunguliwa

Katika Kitivo cha Habari na Mawasiliano kulikuwa na mazoea ambayo hakuna aliyepata kuyaandika popote, lakini kila mwanafunzi aliyeingia Dawati la Habari aliyakuta yakimngoja kama mkeka uliokwisha kutandikwa. Yaliitwa kupika mapema. Siku moja kabla ya tukio, mwandishi aliyepangiwa aliketi akaiandika habari nzima kana kwamba tukio limekwisha: ukumbi ulifurika, mgeni rasmi alishukuru, makofi yalirindima. Kisha aliiwekea saa. Saa ile ilipotimia, habari ilijitokeza yenyewe kwenye tovuti ya kitivo, na tangazo la tukio likajiondoa lenyewe kwenye safu ya Matukio Yajayo. Kwa hiyo habari za kitivo hicho zilifika getini kabla ya wasikilizaji wenyewe, na vitivo vingine vikabaki kula vumbi.

Binti aliyesimamia safu hiyo, mwanafunzi wa mwaka wa pili, wenzake walimwita Nukta, kwa kuwa hakuweza kupita mbele ya sentensi isiyo na nukta bila kuitengeneza, hata kama imeandikwa kwenye mlango wa choo. Aliamini kwa moyo wote, tena bila haya, kwamba habari ni amana na kwamba msomaji ni mtu wa kuheshimiwa hata akiwa hakuoni. Kupika mapema kulimkera. Hata hivyo alipika, kama wengine, na kwa bahati mbaya alikuwa mpishi mzuri.

Alhamisi asubuhi aliingia katika chumba cha dawati, akafungua dirisha linalotazama ubao wa matangazo, akawasha kompyuta. Alipoifungua tovuti ya kitivo, aliusoma mstari wa kwanza mara mbili.

Juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi nene, paliandikwa: "Mama Masafa Aaga kwa Mhadhara Uliotikisa Ukumbi."

Mama Masafa ndilo jina ambalo vizazi vya wanafunzi vilimpa mwalimu wao wa redio, naye alilipokea kama mtu anavyopokea zawadi ya kitenge. Alikuwa anastaafu. Mhadhara wake wa mwisho ulipangwa Jumatano alasiri, lakini mafundi walikuwa wakibadilisha nyaya za umeme ukumbini, ukasogezwa hadi Alhamisi saa tisa. Nukta alikuwa amebadilisha mabango. Alikuwa amemwarifu fundi sauti. Alikuwa ameandika siku mpya kwenye ubao kwa mkono wake mwenyewe. Kitu kimoja tu alikisahau, nacho ni saa aliyoitega kwenye habari. Jumatano jioni, wakati ukumbi ukiwa bado na ngazi za mafundi, habari ilitoka kwa wakati wake, na tangazo likajifuta.

Chini ya habari wasomaji walikwisha kuacha maoni yao. Mmoja alisikitika kwamba ameukosa mhadhara. Mwingine alimtakia Mwalimu mapumziko mema. Wa tatu aliandika: "Nilikuwepo. Mhadhara mzito sana."

"Umeona?" Nukta alimuuliza mkuu wa dawati alipoingia. Huyu alikuwa kijana wa mwaka wa mwisho aliyeitwa Chifu, mwenye miwani iliyokaa zaidi juu ya paji la uso kuliko machoni.

"Nimeona tangu jana. Habari imetulia, lakini. 'Machozi ya furaha yalimlengalenga.' Hapo ulinigusa, dada."

"Chifu, hajalia! Hata ukumbini hajafika!"

"Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Sisi tumetangulia tu."

"Usinitanie. Watu wanajua mhadhara umepita. Saa tisa atakuja nani?"

Chifu alivuta kiti akakaa, na mzaha ukamtoka kidogo. "Sikiliza. Nimeshaongea na Mkuu wa Kitivo. Wiki ijayo kamati ya ukaguzi wa ubora inakuja. Hataki kusikia neno kosa. Tunaandika hivi: kutokana na maombi ya wengi, mhadhara utarudiwa leo. Basi. Mkuu mwenyewe amesema rudio lina heshima yake."

"Maombi ya kina nani?"

"Huyo aliyesema alikuwepo. Peke yake anatosha kuwa wengi."

Nukta alicheka kabla hajajizuia, kisha akajichukia kwa kucheka. Ufumbuzi ule ulikuwa laini kama godoro jipya. Mtu angeweza kulala juu yake na asiamke. Hakuna ambaye angeumia, na hakuna ambaye angeuliza. Alisimama.

"Kwanza nimwambie Mwalimu mwenyewe," alisema.

Ofisi ya Mama Masafa ilikuwa ghorofa ya pili. Nusu ya vitabu vilikwisha kuingia kwenye maboksi. Juu ya meza palibaki kanda kuukuu za sauti na wembe mmoja uliofubaa, wa enzi zile ambapo sauti ilikatwa kwa mkono na kuunganishwa kwa utepe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, lisukume hilo boksi. Umekuja na pole au na hongera? Tangu asubuhi nazipokea zote mbili, sijui niweke wapi."

Nukta alimweleza bila kupunguza wala kuongeza: mazoea ya dawati, saa aliyoitega, saa aliyoisahau. Alipomaliza, mwalimu alivaa miwani, akaifungua habari kwenye simu, akaisoma kwa sauti ile ya mtangazaji iliyowahi kuamsha nchi nzima asubuhi.

"'Kwa maneno mazito yaliyogusa nyoyo za wote, Mwalimu aliwaasa vijana...' Niliwaasa nini?"

Nukta aliinama juu ya simu, akaitafuta sentensi inayofuata.

"Nauliza kwa wema. Nina ukurasa wa mwisho wa mhadhara haujakaa sawa tangu juzi. Kama yapo mazito niliyoyasema, niazime."

"Hakuna, Mwalimu. Sikuandika ulichosema. Nisingeweza kujua."

"Na hakuna msomaji aliyeuliza," Mama Masafa alisema, si kwa ukali, bali kama mtu anayepima uzito wa kitu mkononi. Simu ikalia. Alipotazama jina, uso ukabadilika. "Kaka, shikamoo... Hapana, kaka, sijaaga bila wewe... Leo. Ni leo saa tisa... Najua wameandika jana."

Sauti ya mzee upande wa pili ilisikika hadi kwenye maboksi. "Mimi nimesafiri kutwa nzima, nimelala kwa binti yangu, asubuhi ananisomea kwamba sherehe imekwisha na mdogo wangu amelia! Sasa wewe na kitivo chenu, mkweli ni nani?"

"Mimi, kaka."

"Ila wao wameandika. Nafunga begi."

Simu ikakatika. Mama Masafa aliiweka mezani taratibu. "Mpima ardhi huyo. Maisha yake yote, kilichoandikwa ndicho mpaka. Nilipoanza utangazaji yeye alikuwa porini na vigingi vyake. Nilipokuja kufundisha, naye akahamishiwa mbali zaidi. Hajawahi kunisikia nikizungumza mbele ya watu hata siku moja. Ninyi mmenisikia mpaka mmechoka. Huyu ndiye niliyetaka anisikie."

"Chifu anataka tuandike kwamba ni rudio."

"Sasa kaka yangu atafunga safari kuja kula kiporo?" Alitabasamu, lakini tabasamu halikufika mbali. "Sikuamulii, mwanangu. Safu ni yako. Mimi saa tisa nitasimama pale, hata kama nitazungumza na viti."

Nukta alishuka ngazi akiwa amekwisha kuamua, na miguu ikawa nyepesi kwa namna iliyomshangaza. Aliketi, akaandika:

"Jana jioni tuliwaarifu kwamba mhadhara wa kuaga wa mwalimu wetu wa redio umefanyika, ukumbi umefurika, na Mwalimu amelengwalengwa na machozi. Hakuna hata moja kati ya hayo lililotokea. Habari ile iliandikwa kabla ya tukio, kama ilivyo kawaida yetu, na tukio likasogezwa mbele. Mhadhara ni leo saa tisa alasiri, katika ukumbi mkubwa. Hatujui Mwalimu atasema nini. Tunawaomba radhi wasomaji, na zaidi ya wote tunamwomba radhi yeye na familia yake. Msimamizi wa safu ya Matukio Yajayo."

Chifu aliisoma akiwa amesimama nyuma ya kiti chake. "'Kama ilivyo kawaida yetu.' Hapo lazima pabaki?"

"Pakitoka, itaonekana ni bahati mbaya tu."

"Unajua watakutoa kwenye dawati?"

"Najua."

"Basi bonyeza mwenyewe. Mimi naenda kununua chai, nisije nikaitwa shahidi." Alifika mlangoni akageuka. "Nikuletee na wewe?"

"Niletee. Usisahau sukari."

Simu ya Mkuu wa Kitivo ilikuja hata chai haijapoa. Profesa hakupandisha sauti. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti. "Binti, nguo za ndani huanikwa uani, si barazani."

"Profesa, kwa kosa naomba radhi, tena sana. Kwa masahihisho siwezi."

Ulisikika mlio wa kalamu ikigongwa mezani. "Leo utaandika habari ya mhadhara, kwa sababu hakuna mwingine aliyepangiwa. Jumatatu safu itashikwa na mwenzako."

"Nimekuelewa, Profesa."

Aliirudisha simu mfukoni. Adhabu iliuma, na aliiacha iume. Kisha alikunywa chai yake, iliyokuwa na sukari nyingi kupita kiasi, akaenda kusaidia kupanga viti.

Hadi saa tisa kasoro kidogo, katika ukumbi kulikuwa na fundi sauti, wahadhiri wachache na harufu ya nyaya mpya. Ndipo wanafunzi walipoanza kuingia, wawili wawili, kisha kwa makundi, wengi wakiwa na simu mkononi na kicheko mdomoni. Masahihisho yalikuwa yamesambazwa toka bweni hadi bweni, maana watu walikuwa hawajawahi kuona kitivo kikijikana. "Tumekuja kuhakikisha kama atalia!" mmoja alipaza sauti kutoka nyuma, na wenzake wakamzomea kwa furaha. Ukumbi haukufurika. Safu za nyuma zilibaki wazi, na mbele, kiti kimoja chenye karatasi iliyoandikwa "Familia" kilibaki kitupu.

Mama Masafa alikitazama kiti kile, akatazama saa ya ukutani, akasogeza kipaza sauti.

"Wapenzi wasikilizaji," alianza, "wa jana, na hata ninyi wa leo..."

Ukumbi uliangua kicheko. Nukta, aliyekaa pembeni na kijidaftari kilichokuwa hakijaandikwa neno, alifungua kifuniko cha kalamu. Hakuwa na sentensi hata moja ya kuegemea. Ilimlazimu kusikiliza.

Mwalimu hakusoma karatasi zake. Alizungumzia nyumba waliyokulia na redio ya baba yao iliyokaa juu ya rafu, ikila betri kuliko watoto walivyokula mkate. Betri zilipoisha nguvu, fedha za kununua nyingine hazikuwepo hadi mwisho wa mwezi. "Lakini mama yangu," alisema, "mwanamke asiyejua kusoma, alikuwa akizianika juani. Jua likizipasha, zinapata uhai wa kipindi kimoja. Basi jioni nilikuta redio inaongea, nikasikiliza kipindi cha watoto hadi sauti inapofifia. Kila mwaka huwaambia wanafunzi wangu: mwalimu wangu wa kwanza wa redio ni mama yangu, aliyeithamini habari kuliko..."

"Si mama."

Watu waligeuka. Mlangoni alisimama mzee mrefu mwenye begi la safari, na nyuma yake mwanamke mwenye simu iliyofunguliwa kwenye masahihisho, akimvuta koti bila mafanikio. "Baba, ngoja amalize," binti yake alinong'ona.

"Nisubiri nini, na jambo linakwenda kombo?" Mzee alitembea hadi mbele akasimama kando ya kiti chake. "Mama alikuwa akilala jua likizama, redio hakuwa na habari nayo. Betri nilizianika mimi."

Mama Masafa alishika ukingo wa meza.

"Wewe, kaka?"

"Ulikuwa ukilia redio ikizimika. Unalia mpaka majirani wanauliza. Nikaambiwa na fundi wa baiskeli kwamba jua husaidia. Kila nikitoka shule nazianua, nazirudisha, nakaa zangu nje."

"Miaka yote hii, mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza," mzee alisema, akaketi na kulipakata begi. "Tena mimi ningejuaje kama unalisimulia? Ndiyo kwanza leo nakusikia."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama Masafa alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio muda mrefu kuliko kioo kilivyohitaji. Sauti iliporudi, haikuwa ya mtangazaji tena.

"Wote niliowafundisha," alisema, "wa miaka yote, mliopo na msiopo. Lile la mama lifuteni. Ni kaka yangu."

Chifu, aliyekaa nyuma ya Nukta, alimwinamia sikioni. "Wenzetu wa Kitivo cha Sheria wameshatoa habari. Picha na kila kitu. Tunachelewa."

"Wacha watangulie," Nukta alinong'ona, macho yakiwa kwenye ukurasa.

Wakati wa maswali ulipofika, mkono wake ndio ulikuwa wa kwanza kunyooka. Alisimama, akainamisha kichwa kwa adabu mbele ya mzee mwenye begi.

"Shikamoo, mzee. Naomba kuuliza kwa ajili ya habari yetu. Hizo betri, mlikuwa mkizianika dirishani, au wapi hasa?"

Mpima ardhi alimtazama binti yule kwa makini, kama mtu aliyekutana na wa kazi moja.

"Juu ya bati la jiko," alijibu. "Upande wa magharibi. Dirishani kuku walikuwa wakizidonoa."

Nukta aliandika: upande wa magharibi.