Mkanda wa Bi Pindo

Bi Pindo alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: kuuliza. Ukimpelekea suruali akuzibie mfuko, atataka kujua umetobolewa na nini, na usipomwambia atakisia, na akikisia atapatia. Jina hilo walimpa wateja, kwa sababu hakuna pindo baya lililopita mbele ya cherehani yake likasalimika. Mtu anakuja kusalimia tu, anaondoka amepindiwa shati. Kama unamtafuta fundi mkimya, pita mlango wa pili.

Sasa, kilichomnyima raha msimu ule ni nguo za vyuo viwili vya judo. Kimoja kilikuwa ghorofa ya juu kabisa ya jengo lenye duka lake, kina vioo ukuta mzima na picha ya Mkuu wa chuo mlangoni, amekunja mikono na uso. Kingine kilikuwa nyuma ya ua wa maseremala, hakina hata kibao, kinafundishwa na mama mmoja muuguzi ambaye wote walimwita Nesi. Wa ghorofani walimletea oda za mikanda: ya njano, ya kijani, na myeusi kwa mafungu, kila mmoja umetariziwa jina la mwenyewe kwa uzi wa dhahabu. Sare zao zikija kupunguzwa urefu zilikuwa safi kama zimetoka dukani jana. Wa nyuma ya maseremala mikanda hawakuagiza. Wao walileta makoti yaliyochanika ukosi, suruali zilizoisha magotini, mikono iliyong'oka begani. Bi Pindo alitia kiraka juu ya kiraka huku akijiuliza: jamani, hawa huko ndani wanafanyana nini?

Angeuliza tu akaridhika, kama alivyozoea, lakini safari hii swali lilikuwa lake mwenyewe. Kando ya jengo kuna uchochoro, njia yake ya mkato ya kwenda nyumbani. Jioni moja mwanamume asiyemjua alimshika kifundo cha mkono humo ndani, akamnyang'anya mkoba, akaondoka akitembea. Akitembea! Hakukimbia hata kidogo. Mkoba haukumuuma, ulikuwa na tepe ya kupimia na kiporo. Kilichomuuma ni mkono. Aliuvuta kwa nguvu zake zote, mkono uliokata mashuka na mapazia miaka nenda rudi, nao haukutoka. Tangu siku hiyo alizungukia barabara kuu, tena si peke yake: mdogo wake, msusi, alifunga saluni mapema aje kumsindikiza kama mtoto wa chekechea. Bi Pindo alitaka kitu kimoja tu duniani. Akishikwa tena, mkono utoke.

"Dada, wewe una mkasi mkubwa kuliko panga," mdogo wake alimtania. "Mtu akikushika si unampunguza urefu?"

"Cheka tu. Siku ukishikwa wewe utakuja kuuazima."

Alianzia ghorofani, kwa kuwa ni karibu. Mkuu alimpokea kwa mikono miwili. "Karibu, mama! Wewe tena ni mtu wetu." Akamwita kijana mmoja mwenye mkanda mweusi, jitu la miraba minne, akamwamuru amshike Bi Pindo mkono. "Sasa zungusha hivi," Mkuu akaelekeza. Bi Pindo akazungusha, na lile jitu likaruka, likapinduka, likatua chali kwa kishindo mpaka vioo vikatikisika. Wanafunzi wakapiga makofi. Lo! Bi Pindo alijiona kwenye kioo, tepe shingoni, amemwangusha mwanamume, akafurahi hadi akaona haya.

Lakini ugonjwa ni ugonjwa. Kuna kitu alikiona: yule kijana alikuwa ametazama mahali pa kuangukia kabla hajazungushwa.

"Kaka, samahani," akasema. "Hebu nishike tena. Ila safari hii usiachie mpaka nijitoe mwenyewe."

Kijana akamtazama Mkuu. Mkuu akacheka kicheko cha mwenye duka. "Hiyo ni hatua ya mbele, mama. Haraka ya nini? Wewe jiandikishe, na kabla ya mwaka kuisha una mkanda wa kijani. Nakuhakikishia."

"Na nikishindwa?"

"Hapa kwetu hakuna anayeshindwa."

Bi Pindo akashuka ngazi akiwaza. Huo mkanda wa kijani ataushona nani? Si yeye? Yaani ajishonee, aupandishe ghorofani, Mkuu amvishe, watu wapige makofi, ashuke nao tena! Si bora ajipunguzie hizo ngazi?

Kule nyuma ya maseremala hakuna aliyempokea kwa mikono miwili. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini hiki hata kujiuza hakikujua. Nesi, mwanamke mfupi mwenye miguu iliyozoea kusimama wodini siku kutwa, alimwonyesha benchi. "Kaa utazame. Njoo siku yoyote, usituarifu. Uliza mtu yeyote, hata walioumia."

"Kwani wapo walioumia?"

"Yule pale kidole chake kilivunjika. Kosa langu, niliwaharakisha."

Bi Pindo akakaa, akarudi siku nyingine, akakaa tena. Aliona watu wakianguka, wakiinuka, wakianguka tena, hakuna anayepiga makofi. Aliona binti mwembamba mwenye mkanda wa bluu akimbwaga mwashi mmoja mnene, mwenye viganja kama matofali aliyoyajenga, na kiunoni mkanda mweupe wa wanaoanza.

"Huoni haya, baba mzima?" alimuuliza mwashi.

"Naona haya sana," mwashi akajibu akijifuta jasho. "Ndiyo maana narudi."

Mwishowe Nesi alimwita, akamsikiliza kisa cha uchochoroni hadi mwisho, kisha akamshika kifundo cha mkono. "Toka." Bi Pindo akavuta. Akavuta mpaka ulimi ukatoka nje. Mkono uko palepale.

"Haukutoka," alisema Nesi, wala hakuuachia.

"Naona."

"Nitakufundisha. Itachukua muda, na utashindwa kuliko utakavyopenda. Na hata ukishajua, yupo atakayekuzidi. Huyo ni wa kumpigia kelele na kumkimbia, na hilo nalo tutalifanyia mazoezi. Anayekuahidi zaidi ya hapo anakuuzia hewa."

Ajabu ni kwamba Bi Pindo alihisi moyo unatulia, na mkono bado umeshikwa.

Basi, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Alianza kwa kujifunza kuanguka: mbele, nyuma, ubavu. Alirudi nyumbani ana madoa ya damu iliyovilia mwilini, na mdogo wake akayakagua. "Dada, mkanda wa bluu umeshaupata, ila wameufunga pajani." Bi Pindo alicheka, na kesho yake akarudi mazoezini. Na bado alizungukia barabara kuu, na bado alisindikizwa.

Mtihani wa mkanda wa njano ulipofika, alijua yote ya kujua. Unaanguka vizuri, unabwaga mtu, kisha Nesi anachagua wa kukushika, naye haruhusiwi kukuonea huruma. Kwake alichaguliwa mwashi. Vile viganja vilipomfunga, Bi Pindo alisahau kila kitu, akavuta tu kama siku ile. Mkono haukutoka.

"Bado," alisema Nesi, akamwita mwingine.

Bi Pindo alikwenda chooni akalia. Sitamficha.

Ndipo akafanya kosa ambalo fundi cherehani peke yake angelifanya. Nesi alikuwa amemletea koti la kutia kiraka, na ndani yake umesahaulika mkanda wake, mweusi wa jina tu. Kitambaa cha juu kimelika, pamba nyeupe ya ndani inachungulia. Mwalimu mzima, mkanda kama utambi wa taa! Bi Pindo akajisemea: nimeshindwa kwa mkono huu, ngoja nionyeshe unajua nini. Akatafuta kitambaa cheusi kizuri, akauvika wote juu ya ule wa zamani, akapiga mistari ya mshono iliyonyooka ajabu.

Aliukabidhi mbele ya ukumbi mzima. Binti wa bluu akaziba mdomo. Mwashi akaanza kukagua dari.

"Nani alikutuma?" Nesi aliuliza.

"Hakuna, mwalimu. Ulikuwa umechakaa."

Nesi aliugeuza mikononi kwa muda. "Nia yako naiona, ndugu yangu, na kazi ni nzuri. Lakini umenirudisha siku ya kwanza. Kaufumue."

Alifumua kwa hasira, wembe ukikata uzi mmoja mmoja, na hasira ikaisha njiani kwa sababu kuna kitu kilimshangaza. Alitegemea mkanda uwe umelika mbele, kwenye fundo, na kweli ulilika. Lakini palipolika kuliko pote palikuwa nyuma kabisa, mbali na fundo. Huyu mama anafunga mkanda vipi? Aliporudi mazoezini aliuliza.

"Nishike unibwage," Nesi akamjibu.

Bi Pindo akaingia, na mkono wake ukaenda wenyewe nyuma ya kiuno cha mwalimu, ukatua kwenye mkanda, palepale palipolika.

"Ni nyinyi," alisema Nesi. "Wewe na wote waliokutangulia. Hapo peke yangu nisingeweza kupachakaza."

Bi Pindo alikumbuka mafungu ya mikanda ya ghorofani. Haukuwahi kurudi hata mmoja kushonwa upya.

Kuanzia hapo alimganda mwashi. "Nishike. Ukinionea huruma, ile suruali yako itabaki na tundu." Mwashi akamshika, na kumshika, na kumshika, na taratibu Bi Pindo akaanza kuudadisi ule mkono badala ya kuuogopa. Kila vazi lina mahali vipande vinapokutana. Vidole vinne huku, dole gumba kule. Mshono uko hapo katikati. Nesi alishamwambia jambo hilohilo tangu mwanzo, ila kuambiwa si kujua. Usivute. Msogelee, geuza mkono, pitia kwenye gumba.

Mtihani wa pili ulikuwa mchana wa mvua. Mwashi alikaza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Bi Pindo alivuta kidogo, akajishtukia, akaacha kuvuta. Akapiga hatua kumwelekea. Akageuza. Mkono ukatoka.

Hakuamini. Aliutazama kana kwamba ameokota cha mtu. Mwashi, aliyeshindwa kwa haki, alikuwa anacheka kuliko wote.

"Mikanda ya njano sina," alisema Nesi. "Kajishonee."

Alikaa kwenye cherehani, yeye aliyeshona mikanda isiyo na idadi, na jicho likawa kwenye ule mkono badala ya sindano, mpaka mstari ukapinda. Hakuufumua. Bado anautazama, likaingia lile jitu la ghorofani kuchukua fungu jipya la mikanda myeusi.

"Shikamoo, fundi. Mbona huu umepinda? Nani atauchukua?"

"Marahaba. Mwenyewe keshapatikana."

Kijana akaelewa. Akaushika mkanda ule, akachelewa kuurudisha. "Hivi, kule nyuma," akauliza kwa sauti ya chini, "mtu akikushika, haachii kweli?"

"Haachii."

"Mimi sijawahi kushikwa hivyo." Alisema hivyo akiwa na mkanda mweusi kiunoni, na Bi Pindo hakupata moyo wa kumcheka.

"Kuna benchi, mwanangu. Njoo utazame. Uliza chochote."

Jioni hiyo alimpigia simu mdogo wake: usije, leo nina wageni watakaonisindikiza. Akafunga duka, akaingia uchochoroni. Katikati akakutana na mwanamume anayekuja upande wake. Hakugeuka. Akaacha mikono iwe huru, akaendelea kutembea. Mwanamume akasema "Habari za jioni, mama," akapita na mkate wake kwapani.

Nyumbani, mdogo wake alikuwa jikoni. Alisikia mlango, akatoa kichwa, akatazama nyuma ya dada yake, kulikokuwa kutupu.

"Hao wageni wako wapi? Nani kakusindikiza?"

"Hakuna mtu," alisema Bi Pindo. Akaketi palepale mlangoni, mkanda wa njano umemlalia mapajani, akalia kwa sauti, na safari hii hakwenda kujificha chooni.