Akina Bett Wasio na S

Kuna nguo ambayo mtu huvishwa kabla hajajua kukaa, akafa nayo, na siku zote hizo haifuliwi. Ukijibu kwamba ni jina, umepata. Jepkosgei aliwategea wajukuu kitendawili hicho miaka mingi kule Kapsabet, lakini hakuwahi kufikiri kwamba watu wawili wangeweza kukutana ng'ambo wamevaa nguo ileile, iliyoshonwa na mafundi wasiojuana.

Hayo aliyakuta Greenbelt, Marekani, mwaka wa 2006. Mwanawe, Silvanus Bett, alimwita aje kwa koito, siku ya pande mbili kukaa na kukubaliana kuhusu posa. Aliyeposwa ni binti wa Silvanus, Chelagat Bett, muuguzi. Mposaji alikuwa kijana Mzungu wa Falls Church, mtu wa kompyuta, mpole, mwenye masikio makubwa.

"Anaitwa nani?" Jepkosgei aliuliza siku aliyofika, hata koti hajavua.

"Neil Bett, Kogo," Chelagat alimjibu nyanya yake.

"Nimeuliza jina lake, si lako."

"Ndilo hilo. Bett, kama sisi."

"Kama sisi vipi? Alilitoa wapi?"

"Kwa baba yake. Ni la Waingereza pia."

Jepkosgei alivua koti polepole. "Hata jina walichukua," alisema.

Mambo yalianzia kwa huyo baba. Mzee Clifford Bett alikuwa mpimaji ardhi mstaafu, mjane, na shughuli iliyomjaza siku ilikuwa kulifuatilia jina lake. Akina Betts, wenye S mwishoni, ni wengi. Akina Bett wasio na S ni adimu, hata huko Uingereza. Watu wake walitoka upande wa mashariki wa nchi hiyo, kwenye tambarare za mabwawa yaliyokaushwa, na waliovuka bahari walikuwa wachache. Kila mwaka aliwatafuta katika vitabu vya simu, na kila mwaka walipungua. Wazee walikufa, mabinti waliolewa wakabadilisha jina, na wengine walichoka kusahihisha watu wakaikubali hiyo S yaishe.

Kisha akina Bett wakaanza kuongezeka. Maryland, Texas, Minnesota. Mzee alifurahi kama aliyeona kisiki kikichipua. Akapiga simu kwa Bett wa karibu zaidi, Silvanus akaipokea, na wawili hao waliongea mpaka simu ikapata joto kabla Mzee hajaelewa kwamba anaongea na Mnandi. Hakukasirika. Aliomba kuja kunywa chai. Kwa kuwa macho yake yalikuwa yameanza kumwangusha barabarani, Neil alimleta, na mlango ulifunguliwa na Chelagat. Yaliyofuata hayahitaji mganga kuyaeleza.

Lakini kwao Jepkosgei, wanaotaka kuoana hawaulizwi jina kwanza. Huulizwa ukoo, na mnyama wa ukoo. Wa ukoo mmoja hawaoani, hata wakikutania mwezini. Wazee wa Kapsabet walikuwa wameshapata habari za Bett kuolewa na Bett, na habari hizo hazikuwakalia vizuri. "Wewe ndiwe jicho letu huko," walimwambia Jepkosgei alipoondoka. "Ukisema sawa, ni sawa. Ukisema hapana, Silvanus amrudishe kijana kwao." Yeye alikuwa ameshajiridhisha. Mzungu hana tembo wala nyuki. Asiye na ukoo atakuwaje wa ukoo wetu?

Siku ya koito sebule ilijaa. Jikoni alikuwa Séraphine, jirani kutoka Bukavu, ambaye ndiye aliyemuuguza marehemu mke wa Mzee Clifford. Watu walipokwisha kula, Mzee alisimama. Alikuwa amefanya mazoezi ya Kiswahili mwezi mzima bila kumwambia hata mwanawe.

"Mama Jepkosgei," alisema, "nimetafuta jina langu miaka mingi. Leo nasema kwa furaha. Sisi na ninyi tuko ukoo moja."

Akaketi, uso umemwiva kwa furaha. Hakuna aliyepiga makofi. Silvanus alitazama zulia. Chelagat alifumba macho.

"Amesema nini?" Jepkosgei aliuliza, ingawa alikuwa amesikia.

"Kogo, hakumaanisha..."

"Sijauliza alichomaanisha. Mtu mzima amesimama mbele ya watu akasema ametafuta, na amepata."

"Nani alimfundisha?" Silvanus aliuliza, na macho yote yakaelekea jikoni.

"Miye?" Séraphine alitokea na mwiko mkononi. "Miye nilimwambia, papa, sema *famille*, inatosha! Akasema hapana, hiyo ni Kifaransa, anataka neno ya nguvu!"

"Basi ulimpa la nguvu, dada. Limebomoa nyumba."

Chelagat alimnong'oneza Neil, Neil akamnong'oneza baba yake, na furaha ikamtoka Mzee usoni kama maji kwenye beseni.

Jepkosgei aliona neno lile haliwezi kupuuzwa. Wangapi walikuwa wamelisikia! Akilikalia kimya, basi mtoto wa kwanza wa Chelagat akikohoa tu, watu wangesema tuliwaambia. Akapigapiga kiti kilichokuwa kando yake, Mzee akaja kukaa. Chelagat akawa mkalimani.

"Jina lako lilianzia wapi?"

Mzee alikuwa mkweli, na ukweli haukumsaidia kuonekana bingwa. Alisema hakuna ajuaye kwa yakini. Wengine hulitoa kwenye jina la mwanamume, Bartholomew. Wengine, na yeye alielekea upande huo, husema zamani sana palikuwa na mwanamke aliyeitwa Beatrice, kwa kifupi Bete, na watoto wake wakaitwa kwa jina lake.

"Kwa la mama? Baba yao alikuwa wapi?"

"Labda alikufa. Labda mama ndiye aliyejulikana zaidi kijijini."

Jepkosgei alimpenda kidogo huyo Bete.

"Na lenu?" Mzee aliuliza.

"Mume wangu alizaliwa mchana. Basi. Bett ni mchana. Mdogo wake alizaliwa jua likizama, akawa Lagat. Tumbo moja, ukoo mmoja, majina mawili. Na ukisimama soko la Kapsabet ukaita 'Bett!', wanaume watageuka kila upande, kila mmoja na ukoo wake."

"Wako wengi hivyo?"

"Kwako ni dhahabu," alisema Jepkosgei. "Kwetu ni maharagwe."

Watu walicheka. Mzee hakucheka.

"Alichosema amesimama," Jepkosgei akaendelea, "akiondoe amesimama."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mzee alielewa anachoombwa. Wale wote wa Texas na Minnesota, waliompa usingizi mzuri miaka kadhaa, ilibidi awatoe kwa kinywa chake mwenyewe, abaki na Neil na wazee wachache wasiopokea simu. Alikaa akitazama mikono yake.

Jepkosgei alimwona. Akamgeukia mjukuu. "Mwambie hivi. Tukiwa ukoo mmoja, hakuna harusi. Pasipo harusi, hakuna mtoto. Achague ndugu wengi wa kwenye kitabu cha simu, au mjukuu mmoja wa kubeba."

Chelagat alitafsiri.

Mzee akasimama. Alifundishwa neno kwa neno, akasema, "Sisi na ninyi si ukoo mmoja." Ile *si* aliitamka chini sana, Jepkosgei akamwomba arudie kwa kuwa masikio yake yamezeeka. Hayakuwa yamezeeka. Akarudia kwa sauti, na sebule nzima ikapiga makofi.

"Hii ya sasa sikuifundisha miye!" Séraphine alipaza sauti.

Silvanus akapiga simu Kapsabet, ambako wazee walikuwa macho wakingoja, akampa mama yake.

"Ni sawa," Jepkosgei aliwaambia. "Si wetu. Ni wakwe."

Wakamuuliza, kama si wetu, basi huyo ni Bett wa nani?

Alimtazama Mzee, aliyekuwa akifuta miwani kwa ncha ya tai.

"Wa mama mmoja anaitwa Bete," alisema. "Ninyi hamumjui."